Nani Kaipunguza Suruali Yako

Nyumbani, 4 Februari

Mume wangu,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama huko mlipo kumefurika, maana kwenye picha uliyotuma suruali yako imeishia juu ya vifundo vya miguu kama ya mtu anayevuka mto. Nimemwambia ndivyo wanavyovaa mjini. Akaitazama tena, akanirudishia, akasema, "Mwanangu alikuwa na soksi."

Unakujua huku kwetu juu milimani. Mwanamume ana koti moja la heshima na suruali mbili, zote rangi ya udongo. Akionekana siku ya Jumanne kapiga pasi na kuchomekea, watu hawaulizi anakwenda wapi, wanauliza anakwenda kwa nani. Seremala jirani aliiona picha yako juu ya cherehani yangu, akacheka chini chini. "Shemeji, huyo hauzi nguo, huyo anajiuza mwenyewe." Nilicheka naye. Alipotoka niliacha kucheka.

Lakini si picha iliyonishikisha kalamu. Ni ile suruali ya kijivu uliyompa dereva wa basi aniletee nikubadilishie zipu. Suruali ile niliikata mimi na nikaishona mimi. Nilipoigeuza nikakuta mtu kaipunguza, kuanzia kiunoni, mapajani, mpaka kwenye pindo. Mshono si wangu. Mimi navuta uzi kutoka kulia, huyu katoka kushoto, na kamalizia kwa vifundo viwili vidogo ambavyo asiye fundi hawezi kuviona. Kama ingekuwa kazi mbovu ningelala usingizi. Ni kazi safi. Nimekaa nayo magotini mpaka chai ikapoa, natafuta mahali alipokosea, sijapaona.

Nani kaipunguza suruali yako? Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unanichekesha, nikikata ndio nagundua hujajibu kitu.

Mkeo


Mjini, 15 Februari

Mke wangu mpenzi,

Mwambie mama shikamoo, na soksi ninazo. Ni fupi, zimejificha ndani ya raba. Zinauzwa ghali kuliko zile ndefu, usimwambie hilo.

Na huyo seremala mwambie apige misumari yake. Hawezi kuelewa. Dukani kwetu muuzaji ndiye dirisha. Bosi wetu ni mwanamke asiyependa maneno mengi, siku ya kwanza alinitazama kuanzia raba mpaka kofia, akasema, "Mteja akikuona anatakiwa ajione yeye mwenyewe akiwa amepata." Nguo zenyewe hazirundikwi kama sokoni. Fulana moja imetundikwa peke yake ukutani, imeachiwa nafasi kubwa kila upande. Kuna vioo vitatu, na muziki unaanza kabla hatujafungua mlango.

Na wanaume wa huku, mke wangu, ungechoka. Mtu anakwenda kununua kiberiti anajitazama kwanza kwenye kioo cha gari la mwenzake. Anavaa shati la waridi, ana cheni shingoni, na hakuna anayeuliza ana nani. Jana kaja babu mwenye mkongojo, kajaribu kofia asubuhi nzima, mkewe kakaa kwenye kiti anamwambia geuka, geuka tena. Huku anayetiliwa shaka ni yule asiyependeza. Wanadhani kafiwa au kafukuzwa kazi.

Kuhusu suruali, usijisumbue. Bosi alisema natembea na ukoo mzima ndani yake, akampa fundi wa dukani aipunguze. Wanamwita Sindano. Ni fundi tu.

Mumeo


Nyumbani, 26 Februari

Mume wangu,

Fundi tu. Na mimi niliyekuvisha miaka yote hii ni nani, mpiga ngoma?

Umeandika "wanamwita Sindano" ukapita haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Nimemuuliza dereva wa basi. Yeye hana haya, kaniambia: Sindano ni mwanamke, wa makamo yangu, na anacheka sana. Kwa nini nimejua kwake na si kwako?

Ngoja nikwambie ninachokiona nikifumba macho. Naona futi. Unajua mtu anavyopimwa kiuno. Fundi anasimama mbele yako, anazungusha mikono yote miwili nyuma yako, anakaribia mpaka nywele zake zinafika kwenye kidevu chako, anakuambia uvute pumzi, anasubiri uitoe. Mimi nilikupata hivyo hivyo. Ulikuja kupimwa suruali, ukarudi kesho yake ukasema nadhani ulikosea kiuno, ukarudi tena ukasema na urefu pia. Sikukosea kitu. Niliendelea kukupima kwa sababu na mimi nilitaka. Sasa usiniambie futi ni futi tu.

Nina wivu. Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza usije ukasema hukuona: NINA WIVU. Mama anasema nile kwanza.

Umeniambia kwenye simu kwamba mwanzoni mwa Aprili Bosi anaalika wateja kuja kuona mzigo mpya, na wauzaji wote mtasimama mbele yao. Nakushonea koti na suruali. Siku hiyo utavaa vya kwangu, hutavaa vya mtu mwingine.

Mkeo


Mjini, 12 Machi

Mke wangu,

Mzigo umefika. Nimeufungua chumbani nikiwa peke yangu, na ninashukuru nilikuwa peke yangu.

Umeugua? Nauliza kwa nia njema. Suruali hii tunaingia wawili, mimi na dereva aliyeileta. Koti linafika magotini, mabega yake yameanguka mpaka karibu na viwiko, na kitambaa ni kile cha kahawia kigumu unachoshonea mapazia ya shule. Mifuko mikubwa ya kutia mkate mzima. Nimesimama mbele ya kioo sikujua nianzie wapi kujitafuta.

Vipimo vyangu unavijua kwa kichwa, gizani unavijua. Imekuwaje? Kama ni macho, tafadhali nenda kapimwe. Bosi anataka tukae kwenye nguo kama tumezaliwa nazo, wenzangu wote wanavaa za kubana, na mimi nitatoka kama mtu aliyeazima koti kwa marehemu.

Niambie kama naweza kumpa Sindano azipunguze kidogo tu, mabegani.

Mumeo


Nyumbani, 20 Machi

Mume wangu,

Macho yangu mazima. Vipimo sikuvisahau. Nimeongeza vidole vinne kila upande, na mabegani nimeongeza zaidi, na nilikuwa naongeza huku najua ninachofanya. Sitaki mwanamke yeyote wa mji huo aone ulivyoumbwa. Koti lile ni ukuta. Nimelishonea bitana juu ya bitana, usionekane hata upepo ukivuma.

Sindano asiliguse. Akitia mkasi kwenye mabega yale nitajua, maana utalirudisha hapa na nitaligeuza ndani nje.

Uvae siku hiyo, mbele ya watu wote. Ukivaa nitajua bado unaona haya mbele yangu kuliko mbele yao. Usipovaa, usijisumbue tena kupanda basi kuja huku. Baki na huyo "fundi tu" wako, akushonee na akupikie.

Sitanii. Nimeandika nikiwa nimekaa, baada ya kula.

Mkeo


Mjini, 6 Aprili

Mke wangu, mke wangu,

Kaa chini. Mwite na mama.

Nilivaa. Niliingia dukani kupitia mlango wa nyuma, natamani ardhi ipasuke. Wenzangu waliacha kukunja nguo. Bosi alinitazama kuanzia mabegani mpaka magotini, nikajua kazi imeisha. Wateja wakaanza kuingia, vijana wa mjini wale wenye majina, na wa kwanza kabisa akanipita, akasimama, akarudi. Akashika bega la koti. "Hili mmelitundika wapi? Mbona silioni?" Nikamwambia haliuzwi. Hapo nikawa nimemwaga petroli. Kufika saa sita walikuwa wamenizunguka, wananipiga picha mbele na nyuma, wananiambia tembea, simama, weka mikono mifukoni. Kumbe kubana kumeshaanza kuwachosha na hakuna aliyekuwa ametuambia. Wasichana nao wanalitaka, wanasema wao watalivaa juu ya gauni. Mmoja alivaa langu mwilini mwake akakataa kulivua, ikabidi tumbembeleze.

Sindano alilichukua akaligeuza ndani nje. Alifuata mshono kwa kidole mpaka mwisho. Halafu akasema aliyeshona hili ana mkono.

Bosi anataka ushone mengine, ya duka, kwa jina lako. Kitambaa kitaletwa hapo nyumbani. Kasema na mambo mengine, tutazungumza nikipata nafasi.

Nimeringa leo, acha nikuambie. Nimeringa mpaka shingo inauma.

Mumeo


Nyumbani, 14 Aprili

Mume wangu,

Kwa hiyo nimekujengea ukuta na wasichana wameukwea. Mmoja kavaa koti langu likiwa bado na joto lako, na wewe unaniandikia kama mtu aliyeshinda mbio. Nilitupa barua yako kwenye kikapu cha vitambaa. Baadaye nikaitoa, nikarudia mahali pa Sindano.

Alisemaje hasa? "Ana mkono," au "ana mkono mzuri"? Alisema akitazama bega au bitana? Niandikie neno kwa neno. Nimejishangaa, nataka sifa yake kuliko nilivyotaka kumng'oa nywele.

Kazi nimeikubali. Ila Bosi kanitumia vipimo vya herufi, vidogo, vya kati na vikubwa, nami siwezi kushona herufi. Koti la namna ile lina siri yake, lazima lianguke kutoka kwenye mwili wa mtu, na mtu mwenyewe lazima nimwone. Kwa hiyo nimeita miili. Seremala ndiye wangu wa kati. Usingemdhania, chini ya lile vumbi la mbao ana mabega yaliyonyooka vizuri mno. Mwalimu wa hesabu ndiye mdogo. Kinyozi ndiye mkubwa, kacheka futi ilipomgusa ubavuni mpaka nikaanza upya. Wengine wanakuja bila kuitwa. Wanaume wa huku, waliokuwa wanasema nguo ni ya kusitiri tu, wanapanga mstari nje ya mlango wangu wanauliza kama nahitaji mtu wa kupima.

Chumba kimechangamka. Hata mama kaanza kuvaa kitambaa chake kizuri.

Mkeo


Mjini, 27 Aprili

Mke wangu,

Seremala ana mabega yaliyonyooka. Nimesoma sentensi hiyo mbele ya mteja nikampa raba za mguu mmoja.

Maswali yangu ni machache. Mlango unakuwa wazi? Mama anakaa wapi wakati unapima, chumbani au uani? Kinyozi kacheka kwa nini, ubavu wake una nini? Na huyo mwalimu, mtu anapimwa mara ngapi? Usiniambie mara moja. Mimi najua mwanamume anavyoweza kurudi akasema ulikosea kiuno.

Acha kuwapima. Chukua magunia, yajaze nyasi, uyavishe. Nikiwaza wanavuta pumzi humo chumbani kwetu na wewe unasubiri waitoe, nauza vibaya. Jana Bosi kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilikuwa nakuona unatia chumvi kwenye mambo ya futi. Nisamehe kwa hilo. Lakini acha.

Mumeo


Nyumbani, 11 Mei

Mume wangu,

Siachi. Mlango uko wazi, mama yuko ndani, na kinyozi ana mtekenyo. Barua yako nilifurahi nayo siku mbili nzima, nikijua na wewe unakaangwa kwenye kikaango changu. Nilikuwa nakuandalia jibu la kukuchoma zaidi.

Kisha jana Sindano kashuka kwenye basi.

Kaja mwenyewe kuleta vitambaa, kasema alitaka kuona mashine iliyoshona lile koti. Ni mzuri. Wewe hukusema ni mzuri, na dereva naye hakusema. Nilimtazama kuanzia viatu, nikatafuta pindo lililokosewa, kila kitu kimekaa. Nikampa kiti kibovu kwa makusudi. Akakaa, akashika kipande nilichokuwa nakata, akauliza kwa nini bega naliangusha kutoka shingoni na si kutoka mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Tulibishana mpaka chakula kikaungua. Nilimuuliza na la suruali yako, sikumzungusha. Akaniambia, bila kuona haya, kwamba alikupima kama anavyopima kila mtu, na kwamba ulizungumza juu yangu muda wote mpaka akachoka.

Ningemaliza barua hapa nikiwa na furaha. Lakini wakati anaaga kasema, "Dada, Bosi alisikitika sana uliposema huwezi kuja. Alikuwa ameshakusafishia chumba cha nyuma ya duka, ushonee humo. Lakini mama akiwa mgonjwa kiasi hicho, utafanyaje."

Mama yako alikuwa pale mlangoni, ana ndoo ya maji kichwani. Kaitua. Kauliza, "Mimi mgonjwa tangu lini?"

Nikamwambia Sindano ndiyo, mama anasumbuliwa na mgongo. Nimekufichia aibu mbele ya mwanamke ambaye ndiye niliyekuwa namchukia. Sasa niambie wewe. Bosi aliniita lini? Na ni nani aliyejibu kwa mdomo wangu?

Mkeo


Mjini, 19 Mei

Mke wangu,

Alikuita siku ile ile ya koti. Alisema, mlete. Nikasema hawezi, mama anaumwa. Neno lilitoka kabla sijalipima, na kila alipouliza tena nililirudia, mpaka mama akawa anaumwa kweli kwenye kichwa changu, nikaanza kumwombea.

Ukitaka sababu, sio mwanamke. Ungefurahi ingekuwa mwanamke. Huku, kwa mara ya kwanza, nikiingia mahali watu wanageuka. Huko kwetu nilikuwa mume wa fundi, yule anayebeba mizigo ya vitambaa. Huku nina jina, wanaliita barabarani. Kisha likaja koti lako, na ndani ya siku moja wateja wakaacha kuniuliza mimi. Wananiuliza, aliyeshona yuko wapi? Hata Sindano, hata Bosi. Nimesimama ndani ya koti wanaloliangalia, na mimi hawanioni.

Nikakuonea wivu. Seremala nilikuwa na wivu naye pia, huo haukuwa wa kuigiza, lakini huu wa pili ndio uliosema uongo. Niliwaza, akija, nitakuwa nabeba vitambaa tena, mji ni mkubwa zaidi, na macho ni mengi zaidi.

Mwambie mama anisamehe kwa ugonjwa. Uje. Sijui nitakuwa nani ukija, lakini uje.

Mumeo


Nyumbani, 28 Mei

Mume wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, mama akisikiliza. Kasema amekusamehe ugonjwa, ila mgongo sasa umeanza kumuuma kweli na wewe ndiye utakayeukanda.

Nilijiandaa kwa mwanamke. Miezi yote hii nilikuwa na maneno yake tayari, hata mahali pa kusimama nikiyasema nilipajua. Kwa hili lako sikujiandaa. Nimelia kidogo, kisha nimekasirika, kisha nikafikiri juu ya ile mizigo ya vitambaa uliyokuwa unabeba kutoka kituoni, na jinsi nilivyokuwa nakuambia weka pale bila kuinua kichwa. Hilo halikupi ruhusa ya kunijibia. Nalisema tu kwa kuwa nimeliona.

Bosi nimempigia mwenyewe. Tunakuja Alhamisi, mimi na mama na mashine. Mama atakaa kwako. Mimi nitalala kwa Sindano mpaka hasira ziishe, na unajua mimi sichoki upesi. Usije kituoni. Kubeba nitabeba mwenyewe.

Nimeambiwa chumba cha nyuma na duka vimetenganishwa na ukuta wa mbao tu. Mimi nitakuwa upande huu na mkasi wangu, wewe upande wa pili na wateja wako. Wakiniulizia, utawaambia niko kazini, na utalisema jina langu lote. Na akiingia mwanamke, mume wangu, mhudumie vizuri, ila ongea kwa sauti.

Mkeo